Wenye Daraja

Fundi Mohamadi alikwisha kumhukumu Chabani kabla serikali haijamgusa hata ukosi wa shati. Alimhukumu pale pale makaburini, udongo wa kaburi la binti yake Mwantum ukiwa bado umemganda viganjani, na hukumu yenyewe ilikuwa fupi: yule mtu aozee gerezani. Majirani wa mtaa wa Jabe waliomsikia hawakumkanya. Walimshika mikono, huyu kulia na huyu kushoto, wakamrudisha nyumbani.

Ulikuwa mwaka ule ziwa lilipopanda. Maji ya Tanganyika yaliingia bandarini, yakazunguka maghala ya eneo la viwanda, Zone Industrielle, na mito iliyozoea kumwaga maji yake ziwani ikakuta kumejaa, ikarudi nyuma na kuingia majumbani mwa watu. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, na wazee wengi walikuwa bado wanauita mji kwa jina la kikoloni, Usumbura. Daraja la mto Kanyosha lilibebwa usiku mmoja. Serikali ikaweka jingine la muda, la magogo ya mikaratusi mibichi, ili wachuuzi wa ng'ambo waendelee kulisha soko la Jabe. Likaitwa la muda, na muda wa serikali kila mtu anaujua unavyovutika.

Chabani alikuwa mlinzi wa daraja hilo. Kazi yake ilikuwa kamba: maji yakipanda, aifunge kutoka nguzo hii hadi ile, mtu asipite. Siku ya soko Mwantum alivuka asubuhi kwenda kununua ndizi, yeye na jirani yao Namegabe, mama Mkristo aliyekimbia vita vya Kongo. Waliporudi na mikungu kichwani maji yalikuwa yanagonga mbao kwa chini, na kamba ilikuwa imelala matopeni. Chabani amekaa kwenye kigoda chake. Akawaambia, "Piteni pole pole." Namegabe alitangulia, akafika. Alipogeuka kumwita mwenzake, nyuma yake hapakuwa na daraja wala watu waliokuwa wakivuka, na mikungu ya ndizi ilikuwa inakwenda na maji kuelekea ziwani.

Mwantum alipatikana kesho yake, kwenye matete, karibu na ziwa. Mama yake, Asiya, alimwosha mwenyewe. Mohamadi hakulia siku ile. Alimfikiria Chabani kwenye kigoda, mguu juu ya mguu, na chuki ile ilimsaidia kusimama wima mpaka mazishi yakaisha.

Polisi walimkamata Chabani jioni ile ile, na kwenye matanga watu wa ofisi wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa bwana wa ofisi ya barabara, ambayo ndiyo iliyolijenga daraja. Alileta gunia la mchele. Akamvuta Mohamadi pembeni, akamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba daraja halikuwa na kasoro, ila watu walizidi, na waliozidisha watu ni ofisi ya masoko. Siku nyingine akaja bwana wa ofisi ya masoko, na sukari na doti ya kitenge. Huyu naye alisikitika sana. Walitaka soko lichangamke, alisema, lakini hawakumtuma mtu apite kwenye magogo mabovu. Magogo waulizwe wenye magogo. Wa mwisho alikuwa mkubwa wa doria, kofia kwapani. Alikiri kwamba askari wake waliishusha kamba asubuhi ile ili gari lao lipite, lakini kamba si mali ya doria. Kamba ina mlinzi wake.

Hivyo kila mmoja alimsukumia mwenzake, na wote watatu waliishia kwa Chabani. Mohamadi aliwasikiliza, akawashukuru, akawasindikiza hadi njiani. Maneno yao yalikuwa matamu kwake, kwa sababu yalikubaliana na hukumu yake.

Lakini mabwana wale walifanya kosa ambalo mtoto wa Jabe asingelifanya. Jabe, mtu akienda kutoa pole huenda peke yake, akasalimu, akakaa kidogo, akaondoka. Anayekwenda kuomba radhi haendi hivyo. Huyo huenda na nyumba yake nzima, wakati mmoja, mlango mmoja, wakavua viatu na kukaa chini mkekani, na mkubwa wao akasema kilichofanyika bila kukizungusha. Wale mabwana walikuja mmoja mmoja kama watoa pole, na vitu mikononi kama waomba radhi, na hawakusema neno la upande wowote. Asiya aliliona hilo tangu gunia la kwanza. Alivipanga vile vitu kwenye pembe ya chumba, wala hakupika punje.

Wiki chache baadaye akaja Gaspard. Huyu alikuwa mtu wa ofisi kuu, wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili chepesi, na ndiyo maana alitumwa kila penye shida na watu wa mitaa ya Waislamu. Alikubali kiti, akakataa kahawa, kisha akaikubali.

"Mzee Mohamadi," akasema, "kesi inakaribia. Kitu kimoja tu kinabaki. We ndiye baba ya mutoto. Usimame mbele ya hakimu useme, mutu aliyeniulia mutoto ni Chabani. Ukisema vile, mambo inaisha siku ile ile. Na we utapumuzika."

"Nitasema," Mohamadi akajibu. "Hata leo ningesema."

Asiya alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Samahani, Bwana Gaspard. Na wale wengine?"

"Wengine gani, mama?"

"Wale waliotuletea muchele na sukari."

"Wale walikuja kutoa pole, mama. Watu wa heshima."

"Mutu wa pole analeta magunia?"

Gaspard alikoroga kahawa yake, ingawa ilikuwa haina sukari. "Mama, serikali ni kubwa. Kila servisi, kila ofisi, iko na kazi yake, na sheria yake. Huwezi kukamata serikali yote, utaishika wapi? Kesi inataka mutu. Mutu tunaye."

Alipoondoka, Asiya aliweka birika chini akakaa mbele ya mumewe. Tangu mazishi walikuwa hawajatazamana hivyo.

"Baba Mwantum, unakumbuka taksi ya Birindwa?"

Mohamadi alikumbuka. Nani katika Jabe asingekumbuka! Birindwa, Mkongo mmoja, alileta taksi yake gereji kwa Mohamadi ibadilishwe breki. Mwanagenzi akarudisha gurudumu asilikaze, na gurudumu likamtoka Birindwa njiani, akavunjika paja. Mohamadi alifunga gereji siku ile. Akawachukua wote kwenda nyumbani kwa Birindwa: mwanagenzi, mafundi wa injini, wapaka rangi, hata anayeosha vyuma kwa petroli. Abdu, mchomeleaji, aligoma. Alisema, mi siku ile nilikuwa Kigoma kwenye arusi ya dada yangu, gurudumu la Birindwa nalijulia wapi? Mohamadi akamuuliza, "We unakula hapa ao hukuli hapa?" Abdu akavaa kofia yake, akafuata. Walikaa mkekani kwa Birindwa, mikono ya mafuta, na aliyesema alikuwa Mohamadi mwenyewe: gereji yetu imekuvunja mguu.

"Aliyeacha kukaza alikuwa mutoto wa kazi," Asiya akasema. "Jina lake ulilijua. Mbona hukumupeleka peke yake?"

"Usinifananishie Mwantum na gurudumu!"

Alilisema kwa ukali uliowashtua wote wawili. Akatoka, akaenda kusimama gereji, akashika nyundo asijue anataka kugonga nini. Hasira ilikuwa ya kweli, lakini ndani yake palikuwa na kitu kinachomchoma zaidi: mke wake alikuwa amesema sawa, na yeye hakutaka iwe sawa. Akimwacha Chabani, atamchukia nani? Watu wa ofisi walikuwa wengi mno, na kila mmoja alikuwa na mikono misafi na sauti ya upole. Chabani alikuwa mmoja, alikuwa karibu, na alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Asubuhi akaenda mahabusu. Alikwenda kumtukana, tusifichane, na njia nzima aliyapanga matusi yake. Chabani aliletwa kwenye waya wa chumba cha wageni. Alikuwa amekonda, na kanzu aliyokamatwa nayo ilikuwa imegeuka rangi. Wawili hawa walikuwa wamesali safu moja miaka na miaka.

Kabla Mohamadi hajafungua mdomo, Chabani akasema, "Fundi, mi nilikosa."

Mohamadi akasogea karibu na waya.

"Alfajiri niliifunga kamba, Mungu anajua. Wa doria wakaja na gari, wakaishusha, wakaniambia nikiifunga tena watanifunga mi nayo. Na wa masoko walikwisha niambia mbele, mwenye atafunga daraja siku ya soko, kazi yake imekwisha. Zile nguzo nilizisema mara nyingi kwa watu wa barabara. Wakaniambia, rudi mvua ikiisha." Akashika waya. "Lakini miguu yangu ilikuwa mizima, fundi. Ningeweza kusimama katikati ya njia, wanipige. Mutoto wako alinisalimia, shikamoo baba Chabani. Nikamwambia apite pole pole. Niliogopa kazi yangu. Usiponisamehe ni haki yako."

Mohamadi alitafuta matusi yake, hakuyaona. Alirudi Jabe kwa miguu, na njiani ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu maziko, hadharani, mbele ya wauza mkaa. Alilia kwa sababu ya ile shikamoo. Na alilia kwa sababu katika siku zote hizo, pamoja na magunia yote yale, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia nimekosa, na huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya waya.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hakimu aliitwa Aloys, Mrundi kijana kidogo kwa kazi ile, aliyesoma Ubelgiji na kurudi na miwani na tabia ya kunyamaza. Namegabe alisimama kwanza akaeleza alichokiona. "Batu ba doria banashusha kamba, nilibaona asubuhi na macho yangu," akasema, "na yule muzee alikuwa ananyamaza tu. Wote banajua ile daraja ni bovu. Wote!" Alipokaa, akajifunika uso kwa kitenge chake.

Kisha akaitwa Mohamadi. Gaspard, aliyesimama upande wa serikali, alimpa ishara ndogo ya kichwa, ya kumtia moyo.

"Wewe ni baba wa marehemu Mwantum," akasema hakimu. "Unamshitaki nani?"

Mohamadi alimtazama Chabani kizimbani. Neno lile lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na angelisema angerudi nyumbani kupumzika alivyoahidiwa. Akalimeza.

"Bwana hakimu, mi iko na gereji Jabe. Gari ikitoka kwangu ikaua mutu, we hutakuja kuuliza ni spana ya nani. Utakuja kwangu. Na mi sitakuambia, sikia, breki ni ya Fulani, gurudumu ni ya Fulani, nenda kazungumuze nao. Gereji ni moja. Ile daraja pia ilikuwa na mwenyewe. Huyu aliweka magogo, huyu akasema watu wapite, huyu akashusha kamba, na Chabani akakaa anatazama. Kila mutu aliua kidogo kidogo. Ukikusanya, ni mutoto wangu muzima."

Gaspard akasimama. "Bwana hakimu, kwa heshima ya mzee huyu na msiba wake, lakini serikali si gereji!"

"Ni kweli," Mohamadi akamjibu. "Gereji inaomba radhi."

Watu wakaguna, mwingine akacheka kwa ghafla kisha akaona haya. Hakimu akagonga meza. Alipopata utulivu akauliza polepole, "Mzee, unataka nini hasa?"

"Nataka waje. Wa barabara, wa masoko, wa doria, na wenye waliwatuma. Wote pamoja, si mumoja mumoja na kilo ya sukari. Wavue viatu, wakae nyumbani kwangu, waseme tulifanya hivi na hivi. Na Chabani aje, maana na yeye iko na fungu lake. Lakini fungu lake, bwana hakimu. Si mzigo wa watu wote."

Gaspard aliketi. Hakutoa tena ishara yoyote.

Hakimu aliomba muda, na muda wa huyu haukuvutika sana. Siku ya hukumu alisoma kurasa zake kwa Kifaransa, kisha akaziweka chini na kueleza kwa Kiswahili, bila mkalimani. Alisema sheria haimtumi mzazi aliyefiwa aingie ndani ya serikali kutafuta ni mkono gani uliokosea. Nguzo, amri na kamba vilikuwa vya mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo hawezi kujificha nyuma ya ofisi zake, wala kumtanguliza mdogo wao kuliko wote. Serikali ina hatia. Itamfidia Mohamadi na kila aliyepoteza mtu siku ile. Chabani alikosa kwa woga wake, na kwa kosa hilo siku alizokaa ndani zinatosha. Aende nyumbani.

Mke wa Chabani alipiga kigelegele kilichokatikia kwenye kilio. Hakimu alingoja.

"Yale mengine uliyoyaomba," akamwambia Mohamadi, "siwezi. Naweza kuiamuru serikali ilipe. Sina sheria ya kumvua mtu viatu."

Watu wa ofisi walikuwa mstari wa mbele, wote. Wa barabara akachukua kofia yake. Wa masoko akatazama saa. Mkubwa wa doria alikwisha toka kitambo. Wale wawili walipeana mikono na Gaspard mlangoni, wakazungumza jambo la mvua, wakapanda magari yao.

Kesho yake Mohamadi alifunga gereji. Asiya alifagia sebule, wakatandika mikeka yote waliyokuwa nayo, na ya jirani. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba ni kazi bure. Kila mmoja alilijua hilo moyoni, na kila mmoja alitandika.

Chabani alikuja mapema, na mkewe, ndugu zake, wakwe zake, hata shangazi yake kipofu aliyeshikwa mkono kutoka upande wa Kanyosha. Walijaza mkeka mmoja. Mkubwa wao alisema: mtu wetu aliona hatari akanyamaza, mtoto wenu akafa, na sisi sote tumekuja na aibu hiyo. Mohamadi alimtazama Chabani. Halafu akasogea kwa magoti, akamshika mkono, akasema, "Fungu lako nimekusamehe." Asiya ndiye aliyemalizia, akamsamehe kwa upande wa mama, na sauti yake haikutetemeka mpaka alipolitaja jina la mwanawe.

Kahawa ikanywewa. Chabani na watu wake hawakuondoka, kwa kuona haya kuiacha ile mikeka mitupu. Jua likapanda. Majirani walipita wakichungulia, wakajifanya wana safari. Mohamadi alianza kuisikia tena ile chuki yake ikirudi, safari hii haina mtu wa kukaa juu yake.

Ndipo mtu akasimama mlangoni, akainama kufungua kamba za viatu. Alichukua muda, kwani hakuwa amezoea. Alipoinua uso wakaona miwani.

"Bwana hakimu!" Chabani akataka kusimama.

"Kaa, mzee. Leo mi si hakimu."

Alibaki kizingitini na soksi zake, mikono haijui pa kwenda. "Jana nilisoma kwamba Serikali iko na hatia," akasema. "Nikanyanyua macho nione nani ataondoka nayo. Kila mutu alichukua kofia yake, akaenda. Nikabaki nayo mi mezani. Usiku nimeiwaza. Mi ni nani katika ile nyumba? Si mugeni. Niliwahukumu kama mutu wa nje, na mi iko ndani. Basi nimekuja."

Mohamadi alitazama nyuma ya hakimu, barabarani. Palikuwa na mbuzi na vumbi.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Niliwapitia asubuhi. Hawakukataa. Kila mumoja aliniuliza kama wenzake wanakuja."

"Mi nilipokwenda kwa Birindwa nilikwenda na gereji nzima," Mohamadi akasema. "We ni mutu mumoja. Siwezi kukupa radhi ya watu wote, uwapelekee mufukoni."

"Najua."

Hakimu akainama kuvichukua viatu vyake.

"Sikusema uende," Mohamadi akasema. Akasogea, akapangusa nafasi kando ya Chabani kwa kiganja. "Kaa hapa. Tutawangoja wenzako."

Hakimu akaketi, magoti yakimshinda kukunja, bega lake likagusana na bega la mtu ambaye yeye mwenyewe alimtoa gerezani jana. Asiya alikuwa amesimama na birika lililokwisha kahawa.

"Wenzako ni wangapi?" akamuuliza. "Nijue nipike ya watu wangapi."

Hakimu akafungua mdomo amtajie. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, wa barabara na waliowaajiri, wa masoko na waliowaamuru, wa doria, wa ofisi kuu, na wengine walio juu ya hao. Kisha midomo ikasimama, akavua miwani akaishika tu.

"Bandika lile sufuria kubwa," Mohamadi akamwambia mkewe.